Nembo Niliyoisugua kwenye Treni ya Bati

Siku ile sikuwa nimekunywa pombe, na wala sikuwa na homa. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia hapa Nachingwea ameniuliza moja kati ya hayo mawili. Mwingine alinishauri nioe tena, akasema upweke ndio unaoniletea mambo. Upweke ninao, sikatai. Lakini upweke hauji mlangoni ukabisha hodi. Wewe sikiliza kwanza, halafu useme utakacho.

Mimi ni fundi wa redio na saa, ingawa saa siku hizi hakuna anayezileta. Tangu mke wangu afariki, mwaka wa nne sasa, muda wangu naumalizia kwenye treni za kuchezea. Sisemi hizi za plastiki. Nasema zile za zamani za bati, za kutia ufunguo, walizochezea watoto wa Wazungu waliokuja huku kulima karanga. Reli ya kweli waliyoijenga iling'olewa kabla sijazaliwa. Treni zile ndogo ndizo zilizobaki, zimepondeka na kujaa udongo, unazikuta kwa wauza vyuma chakavu kama umejaliwa jicho. Nimekusanya vichwa vitano na mabehewa kumi na moja. Nanyoosha bati, natia lehemu, napaka rangi. Nikimaliza naunga vijireli vyake mviringo sakafuni, natia ufunguo, naiacha izunguke. Usinicheke. Ukiwa peke yako nyumbani, kitu chochote kinachotembea na kutoa sauti ni mwenzako.

Mwaka jana muuza vyuma chakavu mmoja wa Ruangwa aliniletea kichwa cha treni cha kijani. Upande mmoja kililiwa na kutu, lakini springi yake ilikuwa nzima, jambo ambalo ni nadra. Tumboni kilikuwa na mikwaruzo ya msumari, vijistari vingi vilivyopangana. Nikasema watoto ni waharibifu kweli. Nikapiga msasa siku mbili mpaka bati likawa laini kabisa, nikakipaka rangi nyekundu. Nilijiona fundi hasa.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana. Maduka ya jirani yalikuwa yamefungwa, wenyewe wako msikitini. Kichwa changu chekundu kilikuwa kinazunguka sakafuni niliposikia hodi.

Alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, amejifunga kaniki, usoni ana nembo. Nasema zile chale za mashavuni na za kipaji cha uso walizochanjwa bibi zetu. Niambie wewe, lini mara ya mwisho umemwona mwanamke wa umri huo mwenye nembo? Mimi pale sikujiuliza. Nilifurahi tu kupata mgeni. Nikamsogezea kiti, akakikataa, akakaa sakafuni kama walivyokaa mama zetu, miguu ameinyoosha mbele.

"Nimeambiwa gari la moshi la mwanangu liko hapa, fundi," akasema.

"Lipi hilo, mama?"

"La bati. Alipewa na Mzungu ninayemfulia. Nataka nimpelekee, analililia."

Nikadhani ananitania. Mzungu gani wa kufuliwa, Nachingwea hii? Nilikuwa nimefungua kinywa nimjibu, kile kichwa kikazunguka na kuja upande wake. Miguu yake ilikuwa imelala juu ya reli. Nikanyoosha mkono nikizuie kisimgonge, nikachelewa.

Kikapita. Niamini. Kilipita pale pale ilipokuwa miguu yake, kikatokea upande wa pili bila kupunguza mwendo wala kuyumba. Kikazunguka, kikapita tena. Yeye hakushtuka. Alikuwa anakitazama kama mtu aliyekuja stendi kumpokea ndugu yake, anaangalia kila anayeshuka.

Ningekimbia, lakini mlango ulikuwa nyuma yake.

"Ligeuze," akasema.

Nikakiokota, magurudumu yakiwa bado yanazunguka, nikamwonyesha tumboni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Silo. La mwanangu lina nembo. Nililichanja mwenyewe kwa msumari, kama hizi zangu," akagusa shavu, "ili wenzake wasimpokonye."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mimi, niliyelelewa na bibi mwenye mistari ile ile mashavuni, niliiona nikasema ni uharibifu.

"Ndilo hili, mama," nikamwambia. "Nililisugua mimi. Sikujua. Unisamehe."

Aliniangalia, wala si kwa hasira. Hasira ningeivumilia.

"Nikimpelekea hili atasema si lake," akasema. "Ngoja nikatafute huko Mbekenyera."

Akainuka, akatoka. Nilipofika mlangoni barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona, jua linawaka.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Ruangwa kumuuliza yule muuza vyuma. Hakunificha. Kichwa kile kilitoka shamba jipya la mikorosho upande wa Mbekenyera, karibu na bakuli lililotobolewa. Wewe wa huku unajua bakuli lililotobolewa linawekwa wapi. Tunamwekea marehemu vyombo vyake juu ya kaburi, tunavitoboa ili aliye hai asivichukue. Bakuli yule muuza vyuma aliliacha kwa sababu alilijua. Treni haikuwa na tundu, akaichukua.

Siku iliyofuata nikarudi Ruangwa na kile kichwa cha treni kwenye begi, nikapanda bodaboda mpaka shambani. Mwenye shamba alinionyesha tuta, dogo, la mtoto. Nikakaa pale nikajaribu kuchora nembo upya kwa msumari. Je, mistari ilipanda au ilishuka? Ilikuwa minne au mitano? Mikono hii ilikuwa nayo siku mbili nzima na sikumbuki. Nilichora nilivyoweza kulifikiria shavu la bibi yangu, nikakisimamisha kichwa juu ya tuta kwa magurudumu yake, nikaondoka nikilia kama mtoto.

Baada ya wiki tatu nilirudi kuangalia. Kichwa kilikuwa pale pale, ila kimepinduliwa, tumbo juu. Mwenye shamba aliapa kwamba hakuna aliyekigusa. Mimi najua aliyekigeuza. Alikuja, akatazama, akaona silo.

Tangu hapo sijashika msasa. Treni zilizobaki naziacha na kutu zao. Usingizi wangu umekuwa mfupi, lakini si kwa kumwogopa yule mama.

Mke wangu alipofariki, ndugu walinishauri nibadilishe nyumba ili nisahau. Nikawasikiliza. Nikapaka kuta rangi mpya, nikang'oa ule mlango wa mbao alioupaka bluu mwenyewe, pamoja na alama za vidole vyake pembeni ya komeo, nikaweka wa chuma. Miaka minne sijamwota hata mara moja. Nilikuwa najiambia amepumzika. Sasa kila nikisikia nyayo nje zikisimama kidogo kisha zikapita, natoka kuangalia kama ni yeye.

Kwa hiyo nakuonya wewe uliyefiwa karibuni, usiwe na haraka na rangi. Futa vumbi, ziba panapovuja, basi. Ule mlango wa bluu nilimpa mtu wa Ruangwa, naye akamgawia mtu asiyemkumbuka. Nimeutafuta miezi sita, nyumba kwa nyumba, nikipiga hodi kwa watu nisiowajua na kuwaomba wageuze mlango wao, nione kama upande wa nyuma bado una alama za vidole vyake.