Kipande cha Sabuni Ndani ya Kopo

Mume wangu anachonga funguo. Ana kibanda cha bati ubavuni mwa benki, chembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ndani mna jiliwa, tupa za kila unene na ukuta mzima wa funguo ambazo bado hazina meno. Kila ufunguo unaotoka pale huwa na vikato viwili vidogo shingoni, alama yake. Watu wanamwita Fundi. Mimi pia namwita Fundi, hata tukigombana, na tunagombana sana.

Fundi ana masharti yake. Hachongi ufunguo bila kuuona ule wa asili mkononi mwa mwenyewe. Ukimletea alama uliyoibonyeza kwenye nta au sabuni, atakutazama kwa juu ya miwani akuulize nyumba unayokwenda kuiba ina mbwa au haina. Halafu hatupi alichopimia kazi, iwe karatasi aliyochorea meno au kipande cha bati, mpaka mteja arudi kusema kuwa ufunguo umekubali. Vitu hivyo hukaa nyumbani, juu ya kabati, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa kibandani kuna joto.

Sharti la kwanza amelivunja mara moja tu maishani mwake, na aliyemvunjisha ni mimi.

Mdogo wangu alikuja nyumbani na kipande cha sabuni ya kufulia, kimefungwa gazeti. Eti ni ufunguo wa stoo ya kazini kwao, bosi mkali, ule wa asili hauruhusiwi kutoka. Fundi akakataa. Nikaingilia kati, mikono imejaa povu. "Dada mtu umemuoa, shemeji ndiyo umkatae?" Fundi akacheka, akachonga. Kile kipande kikaingia kwenye kopo, na mdogo wangu hakurudi kusema kama ufunguo umekubali.

Wiki moja baadaye zikaja zile siku tatu. Sitaki kuzisimulia. Waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo wameshasimuliwa uongo wa kutosha. Nitasema tu kwamba kuna kichochoro cha nyumba tisa wanakokaa watu wa imani ile nyingine, kina geti la chuma, na walijifungia ndani wakidhani wamepona. Geti halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, taratibu, mchana kweupe. Nyumba sita zilichomwa, na katika mojawapo walifia mshona nguo na mama yake mzazi.

Ufunguo uliokotwa kwenye majivu, una vikato viwili shingoni. Polisi wakamkamata mlinzi wa geti aliyekuwa akishika ule wa asili, mzee tunayemwita Babu Tochi kwa kuwa hata kwenye jua la saa sita mchana tochi haimtoki mkononi. Ni mtu wa imani yetu, na alikuwa amewalinda majirani wale miaka kumi na tisa.

Miezi saba ikapita, mzee yuko rumande. Wanajeshi wakaondoka kwenye makutano, maduka yakafunguliwa, watu wakaanza tena kusalimiana, ingawa salamu zenyewe zilikuwa fupi. Kila mtu alitaka yaishe. Wenzetu wa kichochoroni walitaka mtu afungwe. Wetu nao wakasema, basi wamchukue mzee, kwani ana nani? Mpelelezi akamfuata Fundi kibandani. "Sema tu ulimchongea yeye. Neno moja, faili linafungwa."

Siku hiyo Fundi alirudi mapema, akasogeza sahani pembeni bila kuigusa.

"Wamenionyesha ule ufunguo," akasema. "Meno yake nayajua. Ni ya kwenye sabuni."

Nikaichukua ile sahani, nikaifunika.

"Mdogo wako alikuwa akinywa chai na yule mzee pale getini. Keshokutwa naitwa mahakamani. Niseme nini?"

"Sijui," nikasema. Nilikuwa najua vizuri sana.

Alipotoka asubuhi nilishusha kopo, nikachukua kile kipande, nikakipeleka kwenye beseni. Nikakisugua. Kona moja ikayeyuka, maji yakawa meupe, halafu mkono ukagoma. Nilikaa pale chini nikalia kwa hasira, kwa sababu nilitaka kukimaliza na sikuweza. Nikakikausha, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikakitia ndani ya mkoba wangu. Fundi sikumwambia.

Mchana mdogo wangu akaja. Alikaa kwenye kochi, miguu kaikunja, anatabasamu.

"Dada, hivi kile kipande cha sabuni kipo?"

"Nimefulia."

"Chote?"

"Unataka nikuchotee povu?"

Alicheka, lakini macho hayakubanduka kwenye kopo. Akaliteremsha mwenyewe, akachungulia, akalirudisha. Mlangoni akageuka. "Mwambie shemeji awe mwangalifu kesho. Kibanda chake ni cha bati, lakini ndani mbao ni nyingi."

Huyu nilimbeba mgongoni mimi. Nilimfundisha kufunga viatu. Nikamwogopa.

Mlangoni mwa mahakama tulipekuliwa. Askari wa kike akatoa ile nailoni, akainyanyua. "Mama, umekuja kuoga?" Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nikacheka nao, jasho linanitiririka. Akanirudishia.

Ndani, wao walikaa upande wao na sisi upande wetu, katikati njia tupu ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Mdogo wangu alikaa benchi la nyuma yangu. Babu Tochi alisimama kizimbani, vidole vya mkono wa kulia vimejikunja vikishika tochi ambayo haipo.

"Ufunguo huu ni kazi yako?" mwendesha mashtaka akamuuliza Fundi.

"Ni yangu."

"Ulimchongea mshtakiwa?"

"Hapana."

Pande zote mbili zikaguna. Kwa mara ya kwanza tangu zile siku tatu, tuliguna pamoja.

"Ulimchongea nani?"

Fundi akavua miwani. Akaifuta kwa shati, akanitazama, akaivaa. Hakimu akamwambia kwamba asipojibu atalala ndani.

"Mheshimiwa," Fundi akasema, "hapo siwezi."

Alikuwa ananitunzia siri mimi. Alikuwa tayari kwenda ndani ili nisije kumkosa mdogo wangu, na bila jina jingine Babu Tochi naye angefia huko kwa sababu hana mtu. Yule mzee hakulalamika. Aliinamisha kichwa tu, kana kwamba alishajua. Nikasimama.

"Mama, kaa chini," hakimu akasema.

"Nimekaa miezi saba, mheshimiwa."

Nilifungua mkoba. Nyuma yangu nilisikia mtu akivuta pumzi. Karani alikipokea kile kipande, akampa hakimu, naye akaulaza ule ufunguo juu ya alama. Ukiacha kona niliyoiyeyusha, kila jino lilikaa mahali pake.

Wakaniapisha pale pale.

"Imetoka wapi sabuni hii?"

"Nyumbani kwangu. Mume wangu alikataa kazi, nikambembeleza mimi. Kosa la kwanza ni langu, aandike hivyo karani."

"Aliyeileta ni nani?"

Benchi likalia, mtu anainuka. Mlangoni askari wawili wakasogea.

"Dada," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniitia zamani akitaka nimbebe.

Sikugeuka. Nikamtazama Babu Tochi, nikataja majina ya mdogo wangu, yote matatu, kama mama alivyoyaandikisha.