Mawese Ndani ya Trekta

Miaka michache baada ya uhuru, mume wangu alianguka kutoka juu ya paa, mkono wake wa kulia ukapooza. Yeye ndiye aliyeendesha trekta kuukuu tuliloachiwa wakulima wa Burungu na mlowezi aliyeondoka. Kishikio cha kuinulia jembe kilikuwa upande wa kulia, nyuma ya kiti. Wenzetu wakakubaliana kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi: mvua za maharagwe zikianza naye hawezi kuinua jembe, kiti apewe jirani yetu. Mume wangu akaacha kula vizuri. Mimi nikawa nawagombeza hata kuku.

Aliyetuhurumia ni mfanyabiashara wa Butembo, ambaye lori lake lilikwenda Walikale. Huko alipata lori bovu la kumwaga mchanga, akafungua kishikio chake na mipira ya kupitishia mafuta. Yeye na mume wangu wakavifunga kwenye trekta: kishikio kikakaa upande wa kushoto, karibu na goti, na mafuta yakapita mipirani kwenda kusukuma jembe huko nyuma. Mafuta ya mashine hayakupatikana popote, basi pipa la mafuta hayo wakalijaza mawese.

"Papa, hii mafuta iko muzuri," alisema mfanyabiashara. "Kule Walikale inatembea kama maji."

Kule, sawa, kuna joto. Huku kwetu milimani kila mama anajua kwamba mawese huamka yameganda chupani. Hata mimi nilijua, lakini nani hukumbuka chupa ya jikoni akiwa mbele ya trekta?

Asubuhi baada ya mvua ya kwanza, watu wote wakitazama, mume wangu akavuta kishikio kwa mkono wa kushoto. Jembe halikutikisika. Nikafungua kifuniko cha pipa: mawese magumu kabisa. Nilicheka, kisha nikalia.

Kwetu, moto wako ukizimika unachota kwa jirani, wala hakuna anayekunyima. Jirani yetu, yule yule aliyengojea kiti, akaondoka, akarudi na makaa kwenye kigae.

"Moto yenu imezimika," akasema. "Mutwae yangu."

Wengine wakamfuata. Tukayapanga makaa chini ya pipa, na baada ya muda jembe likainuka, trekta likinuka sombe, kama majani ya muhogo yaliyoungwa kwa mawese.

Namshukuru hadi leo. Msimu ule wote, kila asubuhi ya baridi, alifika na kigae chake kabla mume wangu hajapanda kwenye kile kiti.