Mguu wa Dresa

Shule nilisoma miezi michache tu kwa katekista, nikaacha. Lakini injini niliijua. Nilijifunzia mgodini Geita, kabla ya uhuru, nikihudumia pampu ya maji. Nilipotoka nikafungua karakana yangu Shinyanga, mabati manne juu ya nguzo, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa kujivuna, na humo humo ndimo aibu yangu ilimotoka.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa na pikipiki kuukuu. Ndiyo iliyompeleka vijijini, hadi Mhunze, kuwachoma watu sindano za buba. Siku moja aliileta akiisukuma. Haikuwa na nguvu, na ilichemka upesi. Nikajua: moto wa plagi unachelewa.

"Mwangaluka, fundi," alinisalimu. "Nimekuja na kitabu chake. Nikusomee?"

Wacheza bao kwenye benchi langu wakainua macho.

"Kisomee pikipiki," nikamjibu. "Mimi sina haja nacho."

Wakacheka. Dresa naye akacheka, akarudisha kitabu mfukoni.

Nikafanya nilivyozoea. Nikaingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu la plagi kupima pistoni imefika wapi. Nikabana karatasi ya sigara kwenye platini, vile vyuma viwili vya kukata umeme, nikazungusha maginito inayozalisha moto taratibu mpaka karatasi ikaachia. Hapo ndipo moto unapopiga. Nikakaza.

Ila pikipiki ile ilikuwa na kitu ambacho pampu haikuwa nacho: kikono kidogo kwenye usukani, cha kuwahisha moto na kuuchelewesha. Wakati wa kupima kinatakiwa kiwe upande wa kuwahisha. Mimi nilikiacha upande wa kuchelewesha, hata sikukitazama. Moto ukawa unawahi mno, kikono ukiweke utakako.

Nilipiga kiki moja kujaribu. Ikanirudishia, ikanichapa unyayo ndani ya buti langu la mgodini. Nilihisi vizuri kabisa. Nikajidanganya kuwa petroli imezidi, kwa sababu watu walikuwa wakitazama na sikutaka wanione nafungua tena.

"Piga mwenyewe, bwana dresa, usikie kazi."

Alikuwa amevaa makatambuga. Akapiga. Kiki ikarudi juu kama teke la punda, nikasikia mfupa ukilia. Akaanguka, pikipiki ikamlalia.

"Fundi, imefanya nini?"

Aliniuliza mimi, akinitazama usoni.

"Umepiga nusunusu," nikasema. "Chombo hiki hakitaki woga."

"Dresa kazoea sindano!" mmoja wa wacheza bao akadakia, nao wakacheka huku wakimwinua.

Walipompeleka hospitali nilifungua tena maginito, nikakaa nayo mpaka nikakiona kile kikono. Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa kuvuta sigara moja. Ikawaka kwa kiki ya kwanza. Sikumwambia mtu.

Wiki zote alizofungwa plasta hakuna aliyekwenda vijijini. Wagonjwa wa buba walikuja wenyewe kwa miguu, wakikanyagia visigino kwa vidonda vya nyayo. Njia ya zahanati ilipita mbele ya karakana yangu. Nilikuwa nainamia kazi mpaka wapite.

Dresa alirudi na mkongojo, kuku kwapani.

"Huyu wako, fundi. Umeitunza pikipiki yangu. Na leo nitapiga kiume."

Akapiga kwa mguu mzima. Ikawaka, benchi zima likampigia makofi, na yeye akanitazama kama mwanafunzi aliyefaulu. Kuchechemea hakukumwacha tena. Na kila aliyeanza kujifunza pikipiki, dresa alimwambia, mimi nikiwa pale pale: "Usipige kwa woga kama nilivyofanya mimi." Nilitikisa kichwa kukubali.

Jioni ya siku aliyoniletea kuku, mke wangu alimchinja. Firigisi akaniwekea mimi, mwenye nyumba, kama ilivyo desturi. Nikaila.