Mbavu za Baba na Sindano ya Ganzi

Baba yangu atanizeesha kabla ya wakati. Mzee Pankras wa Matiri, yule aliyejing'oa jino kwa koleo kisha akaenda kupalilia kahawa, ameteleza kwenye mteremko wa ngolo zake, mashimo yetu ya kulimia mlimani, akavunjika mbavu tatu. Hata hapo alitaka akandwe maji ya moto nyumbani, yaishe.

Tukamleta hospitali Mbinga kwa nguvu. Akajikunja kitandani, anapumua kidogo kidogo, kukohoa hataki kwa sababu kunamchoma. Daktari Herieth, binti aliyemwamkia shikamoo kwanza kabla ya kumgusa, akatueleza kuwa makohozi yakilala kifuani yatazaa nimonia, na kwa umri wake hiyo ndiyo itakayomuua, si mbavu. Vidonge havikufua dafu. Akasema atamchoma sindano ya ganzi karibu na uti wa mgongo, kwenye mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu ya mbavu. Mifupa itaunga kwa wakati wake, ila mzee atapumua na kukohoa, tena akiwa macho.

Baba akakataa. Eti maumivu yake ameyatoa sadaka kwa ajili ya roho ya marehemu mama, Ida. Jamani! Nikamwita katekista Methodi, naye akamwambia Mungu hajamkataza mgonjwa dawa. Baba akageukia ukuta. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea. Jioni pumzi zikazidi kuwa fupi, uvumilivu ukaniishia, nikamuuliza kama ana haraka ya kumfuata mama.

"Ida aliumia miezi," akasema, neno moja moja. "Hakupata sindano. Mimi nani nipate?"

Kumbe ndilo alilolibeba miaka yote. Lakini nilikuwa na hasira mno hata nisiweze kumhurumia.

"Baba, mimi ndiye niliyemuuguza. Alikuwa akiiomba. Ungekuwa nayo, ungemnyima?"

Akajiburuta taratibu, akampa daktari mgongo auchome.

Ganzi ilipokolea, akavuta pumzi, akashtuka, akavuta nyingine ndefu. Akakohoa mpaka kitanda kikatikisika, makohozi yakatoka. Nikangoja shukrani. Akaniuliza, kwa sauti yake ileile ya kugomba, nani anageuza kahawa kwenye vichanja ikiwa mimi nimekaa hapa. Nikanyakua kikapu changu niondoke, maana ningemjibu vibaya.

"Emiliana," akaniita. "Kwa sindano hii, mama yako angelala usingizi."

Nikaweka kikapu chini, nikakaa.