Fundi Habonyezi Swichi

Tangu serikali ianze kusambaza umeme wa jua, mtaa mzima unamjua fundi kwa mazoea yake. Akimaliza kufunga taa hufuta swichi kwa mkono wa shati, kisha humwita mwenye nyumba: “Bonyeza mwenyewe, mama.” Taa ikiwaka hucheka kuliko wenyeji, husema “Hongera,” na huyoo, begi begani, nyumba inayofuata. Ya kwake aliiweka mwisho kabisa. Mkewe akanuna mpaka akachoka kununa. Jana jioni zamu yao ikafika. Mke akabonyeza, sebule ikang'aa hadi buibui wa darini wakaumbuka. Fundi akacheka, akasema, “Hongera, mama,” akabeba begi, akashika mlango. “Wewe baba,” mkewe akamwita, “unakwenda wapi tena? Hapa ni kwako.”