Faustina na Damu Isiyotua

Ripoti ya utafiti ilipochapishwa ilikuwa na majina manne, na la Faustina Kikoti halikuwamo. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama maabarani. Maombi yake ya kusomea shahada yanadai ushahidi wa utafiti alioufanya, na dirisha la maombi linafungwa mwezi ujao.

Faustina, mzaliwa wa Kilolo, ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Mbeya kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Kwa utafiti huo alikabidhiwa damu ya watu waliojitolea na mashine ndogo inayoizungusha polepole bila kukoma, kichupa kikiwa kimelazwa. Humo seli nyekundu hazipati nafasi ya kutua chini, hivyo hali yao hukaribia ile ya damu iliyo angani, kusiko na uzito. Kichupa cha pili, cha kulinganishia, Daktari Clement, kiongozi wa utafiti, aliagiza kiachwe kimetulia dirishani.

Ulikuwa mwezi Julai, na aliyewahi kunawa kwa maji ya bomba asubuhi ya Julai hapa Mbeya haulizi baridi ni nini. Mota ya mashine, kwa upande wake, ilikuwa ya moto. Faustina akatambua kwamba walikuwa wakilinganisha damu iliyopashwa na damu iliyopigwa na baridi, huku wakidhani wanapima athari ya kukosa uzito. Alikifunga kichupa cha pili kwenye mashine ileile, kikiwa wima, kizunguke kwa mwendo uleule lakini seli zake zitue. Akarudia vipimo vyote kwa wiki tano. Tofauti ilipungua, ila haikwisha: seli zilizonyimwa kutua zilipoteza umbo lao la kisahani, nyingi zikaota miiba, na zikapasuka upesi. Hayo ndiyo matokeo yaliyochapishwa.

Alipomfuata Daktari Clement, alijibiwa kwa upole wa kukera: "Dada Faustina, wewe ulikuwa unazungusha mashine tu."

"Mashine inazungushwa na umeme, Daktari. Mimi nilisoma seli."

"Basi, nitakuweka kwenye shukrani, ukurasa wa mwisho."

"Shukrani mpe aliyekupikia chai."

Siku hiyohiyo alimwandikia mkuu wa chuo, akaambatisha nakala za daftari la vipimo, kila ukurasa ukiwa na saini yake. Wiki tatu zimepita bila jibu.

Mkuu wa chuo, kurasa hizo unazo mezani. Zisome. Kisha agiza ripoti isahihishwe, jina la Faustina Kikoti liandikwe miongoni mwa watafiti, na umpe barua ya kuthibitisha hivyo kabla dirisha la maombi halijafungwa.