Gari la Kuvuta Boti hadi Karema

Mtu wa Kashaulili, mjini Mpanda, akitaka kununua gari lililotumika, alipita kwanza kwa Egide. Gereji yake iko uchochoro wa nyuma ya soko, ua wa mabati wenye mashine moja ya kuchomelea na magari mawili matatu yaliyopandishwa juu ya magogo. Egide hakuwa mtu wa maneno. Alikwenda na mnunuzi, akalizunguka gari mara moja mikono ikiwa nyuma, akalala chali chini yake hata kama alikuwa amevaa shati la kanisani, kisha akatoka na neno moja kati ya mawili: "Chukua," au, "Liache." Waliokaidi wapo. Baadhi yao walirudi kwake gari likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori.

Tahadhari hiyo hakuipata chuoni. Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, mwaka 1974, miaka miwili baada ya wazazi wake kukimbia Burundi. Baba yake, Sixte, aliendesha trekta la kubebea tumbaku. Siku moja ya kiangazi, Egide akiwa na miaka kumi na mmoja, walikuwa wanateremka kwenye korongo, mtoto amekaa juu ya marobota kwenye tela, baba yuko kwenye usukani. Tela likaanza kulisukuma trekta. Halikwenda kwa kasi, ndivyo alivyokumbuka siku zote. Lilisukuma polepole, kama mtu anayemsogeza mwenzake kwenye benchi. Egide alirushwa kwenye majani. Baba yake hakurushwa. Watu waliokuja kuangalia walisema breki za trekta zilikuwa nzima kabisa.

Akawa fundi. Akaoa, akapata watoto, akapata na uraia. Lakini gari lenye tela nyuma yake hakuwahi kuliendesha.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, Lidia aliingia kwenye ua wake. Alikuwa nesi mstaafu, mama mwembamba anayetembea haraka, aliyefanya kazi karibu miaka thelathini kwenye zahanati za vijiji vya ziwani, kusini mwa Karema. Huko barabara inakoma, na mgonjwa anayetaka hospitali hutegemea maji. Alikuwa ameshuhudia wajawazito wakifia ndani ya mitumbwi ya kasia. Sasa alikuwa amepata boti. Ilikuwa ya faiba, mita saba, mali ya kambi ya wageni waliokuwa wakivua samaki mto Ugalla. Kambi ilifungwa, na mwenye nayo akampa Lidia boti pamoja na injini na tela lake, kwa sharti kwamba ibebe wagonjwa. Lori la kambi liliivuta hadi uani kwake Mpanda. Kutoka hapo ilikuwa juu yake.

"Fundi, nitafutie gari la kuivuta mpaka Karema," alisema. "Mvua ziko njiani. Zikianza, ule mteremko wa kushukia ziwani haupitiki mpaka mwezi wa tano."

Egide alikwenda kuiangalia. Tela lilikuwa na magurudumu mawili tu, na halikuwa na breki. Alisimama mbele yake muda mrefu kuliko alivyozoea.

"Ukiweka na injini, hii haipungui tani moja na nusu," alisema.

"Kwani magari hayavuti hivyo?"

"Kuvuta ni kazi rahisi, dada Lidia. Mimi naangalia litakaloweza kuzuia."

Aloyce alikuwepo. Huyu ni mtoto wa kaka yake Lidia, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, mwenye gari dogo jeupe ambalo hakuna siku lililala na vumbi. Akapiga boneti yake kofi la upole. "Tunahangaika nini, shangazi? Hii hapa. Nimepanda nayo milima ya Sumbawanga, watu watano ndani na magunia ya viazi."

Egide alilizunguka gari lile, akachuchumaa nyuma yake. "Hili lina tani moja na kidogo," alisema. "Kinacholifuata kina tani moja na nusu. Mkifika kwenye mteremko, nani atamwongoza mwenzake? Liache, Aloyce."

Aloyce akacheka. "Fundi, wewe una woga wako wa zamani. Mji mzima unajua habari za marehemu mzee wako."

"Aloyce!" Lidia alimkaripia.

Egide alijifuta mikono, akaondoka.

Siku nne zilizofuata alizunguka mji. Kwanza alikwenda kwa Mabula, anayesafirisha ng'ombe kwa lori. Uzito lilikuwa nao, ila nyuma lilikuwa juu mno. Walipoinua shingo la tela, kile chuma cha mbele, ili lifike kwenye ndoano, mkia wa boti ulishuka karibu kugusa ardhi. "Mzigo ukilalia nyuma, tela litachapa mkia njia nzima," Egide alisema. Kisha akaenda kwa Nyanda, ambaye alikuwa na pikapu ya magurudumu manne yanayovuta. Kimo kilikuwa sawa, injini nzuri. Egide aliingia chini yake na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi kuanzia mbele. Ngo, ngo, ngo. Karibu na mkia mlio ukabadilika, ukawa kama wa debe, na magamba ya kutu yakamwangukia usoni. Alisukuma bisibisi, ikazama.

"Liache," alisema kutoka huko chini.

Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa magharibi, meusi kwa chini, halafu yalitawanyika bila kutoa tone. Siku ya nne Lidia alipigiwa simu kutoka kijijini. Alisikiliza, akasema, "Pole sana, mama," akaketi juu ya ngazi ya nyumba yake simu ikiwa bado sikioni. Mjamzito alikuwa amewekwa kwenye mtumbwi alfajiri. Hakufika.

"Kila siku unayoniambia liache, fundi," alimwambia Egide bila kumtazama, "huko wanahesabu watu."

Aloyce alikuwa ameegemea ukuta, anasikiliza.

Kesho yake Egide alipanda basi hadi Kasansa kwa Machibya, mfugaji wa Kisukuma mwenye Land Cruiser ya zamani iliyobanduka rangi. Alikaa chini yake karibu saa nzima. Ilikuwa nzito, fupi nyuma, yenye gia nzito za mlimani, na chesisi yake ililia mlio mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

"Chukua," Egide alijiambia kwa sauti, na Machibya akacheka.

"Nakuachia wewe, fundi. Simpi dereva mwingine. Ukiharibu, nakujua kwako."

Kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye angeendesha. Ijumaa alichomelea chuma cha kuvutia, kimo chake akikipima mara tatu. Mke wake Spès alimletea uji, akasimama kumtazama.

"Baba Jeannine, si ulisema tela hulivuti maisha yako yote?"

"Nilisema."

Akaendelea kuchomelea. Walikubaliana na Lidia waondoke Jumamosi saa moja asubuhi.

Jumamosi alipofika na Land Cruiser, geti la Lidia lilikuwa wazi. Uani palikuwa na mistari miwili ya magurudumu na nyasi zilizolala, boti haipo. Lidia alitoka ndani na simu mkononi. Aloyce alikuwa ametafuta fundi mwingine wa kumchomelea ndoano, akaja kabla hapajapambazuka vizuri. Ujumbe wake ulisema: *Shangazi nimekutangulia. Utaikuta majini.*

"Ingia," Egide alisema.

Mpaka Kabungu hapakuwa na cha kushangaza. Mistari ya tela ilikuwa imenyooka kwenye vumbi, moja huku, moja kule, na Lidia akaanza kupumua. Baada ya Kasekese, penye miteremko midogo, mistari ikaanza kupinda. Ilikwenda kushoto kidogo, ikarudi, ikaenda kulia. Egide alipunguza mwendo aisome vizuri. Kila mteremko mpindo ulikuwa mpana kuliko uliopita, kama njia ya nyoka anayezidi kunenepa. Pembeni mwa barabara palikuwa na mama anayeuza mahindi ya kuchoma. Hakungoja waulize.

"Mnalifuata lile lenye boti?" alisema. "Mimi niliwavuta wajukuu zangu ndani. Mkia wake ulifika mpaka hapa." Akaonyesha jiwe lililo hatua mbili kutoka kwenye jiko lake.

Lidia alikuwa akipiga simu ya Aloyce tena na tena. Kisha mtandao ukakata, akaiweka simu mapajani.

Juu ya mteremko mkuu, pale ambapo ziwa huonekana kwa mara ya kwanza, Egide alizima redio iliyokuwa inakoroma. Palikuwa na harufu. Alishusha kioo. Breki zilizoungua hazinuki kama kitu kingine chochote. Harufu yake hukaa kwenye koo. Aliingiza gia nzito na kuanza kushuka, wakazunguka kona ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

Gari jeupe lilikuwa limeingia kwenye ukingo wa mlima, pua imebonyea. Tela lilikuwa limejikunja na kugeuka, limesimama katikati ya barabara, shingo lake limetazama juu walikotoka, na mkia wa boti ukining'inia upande wa bondeni. Aloyce alikuwa ameketi chini, mkono wa kulia umefungwa shati, na shati halikuwa na rangi yake tena.

"Zilikuwa zinashika, shangazi," alisema, meno yakigongana. "Zilikuwa zinashika, halafu zikawa hazipo. Likawa linanisukuma tu."

Alikuwa amenusurika kwa kuligongesha gari mlimani. Ila aliposhuka alitaka kuling'oa tela kwenye ndoano kabla halijaburuta gari bondeni, nalo likajivuta ghafla, likamsaga vidole na kuchomoka. Lidia alishapiga magoti. Alifungua shati, akaangalia, akafunga tena kwa nguvu kwa kitenge chake. Uso wake ulikuwa wa kazini.

"Karema. Sasa hivi."

Barabara ilikuwa imezibwa. Egide aligeuza Land Cruiser pale penye nafasi ndogo, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye shingo la tela, akalifunga, akalivuta kupanda hadi kwenye uwanja ulio juu ya kona. Injini ilinguruma, kitu fulani kikakwaruza, tela likaja. Akaweka mawe kwenye magurudumu yake, akaliacha. Walimlaza Aloyce nyuma, na baada ya saa moja na dakika kadhaa walikuwa kwenye kituo cha afya, manesi wakimpokea Lidia kwa jina.

Alasiri mawingu hayakutawanyika. Egide alisimama nje ya kituo akayatazama yakija juu ya ziwa, yameunganika, yanavuta pazia la mvua chini yake. Mvua ikishapiga ule udongo, boti ingekaa mlimani hadi mwezi wa tano. Lidia alitoka na kusimama kando yake.

"Siwezi kukuomba, fundi," alisema.

"Hujaniomba."

Alichukua wavuvi wawili wa kumsaidia kuinua. Walipofika juu, matone ya kwanza yalikuwa makubwa, moja moja, yakitoboa vumbi. Walifunga tela haraka haraka, akakaza pini, akaitikisa mara mbili. Akawaambia wapande. Wavuvi wakatazamana.

"Sisi tutatembea," mmoja alisema.

Basi walitembea nyuma ya boti, kila mmoja amebeba jiwe kifuani, tayari kulitupa chini ya gurudumu. Egide aliingiza gia nzito, namba moja, akaondoa mguu kwenye breki. Gari likaanza kushuka kwa mwendo wa mtu mzee. Kwenye kona ya kwanza alilisikia tela likiegemea mgongoni mwa gari, zito, polepole, kama mtu anayemsogeza mwenzake kwenye benchi. Alingoja gari lisogee. Injini ililia, ikapanda sauti, ikashikilia. Hakukanyaga breki. Alihesabu kona kwa Kirundi, lugha aliyohesabia akiwa mtoto, na alipofika kumi na nne barabara ikawa tambarare. Alisimamisha gari kuwangoja wavuvi.

Ufukweni mvua ilikuwa inamwagika. Walirudisha tela kinyumenyume majini, boti ikaelea, wavuvi wakaishika. Egide alibaki na tela tupu, lililooshwa na mawimbi tope lote, ndipo akaona chini ya shingo, pale chuma kinapokutana na fremu, mstari mweusi. Alipitisha ukucha. Ufa ulikuwa umekata robo tatu ya chuma, na kingo zake zilikuwa zinang'aa, mpya. Chini ya kila gari alilala siku zile. Chini ya tela, baada ya ajali, hakulala. Alikuwa anaikimbia mvua.

Lidia alipokuja alimwonyesha. Lidia aliingiza ukucha, ukazama.

"Ulijua?"

"Sikujua."

Kesho yake Egide aliazima mashine ya kukatia chuma kwa fundi wa boti, akakata shingo lile lote, akalitupa kwenye lundo la vyuma chakavu.

"Sasa boti siku moja itarudije Mpanda?" Lidia aliuliza.

"Haitarudi."

Barabara ilifungwa wiki ileile, na Egide akakaa Karema siku kumi na moja mpaka mvua ilipokatika kidogo akapata nafasi ya kupanda bila mzigo na Land Cruiser ya Machibya. Boti ilianza kazi kabla hajaondoka. Mwezi wa kwanza mwaka huu ilimbeba Candide, mke wa mvuvi, ziwa likiwa limechafuka, akajifungua salama. Wiki iliyofuata ilimbeba mwingine, na huyo hakufika. Aloyce alipoteza vidole viwili. Gari lake jeupe bado liko kwenye ukingo wa mlima, limebaki bodi tu, na madereva wanaoshuka wakiwa na mizigo mizito huingiza gia nzito kabla ya kulifikia.